Kukusanya bastola za fataki na midoli ya zamani: mwongozo kamili, kuanzia kununua mpaka kutunza

Naanza na kosa langu maana ndo lililonifundisha zaidi. Bastola yangu ya kwanza ya chuma niliikuta nyeusi tii ndani ya boksi la vyuma chakavu, na kwa furaha niliyokuwa nayo nikachukua dawa ya kung'arishia vyombo nikaanza kusugua, nikasugua jioni nzima, ilivyong'aa nikaridhika nikalala. Kesho yake mchana kweupe ndo naona nilichofanya. Ule weusi haukuwa uchafu, ilikuwa nikeli (ile metali wanayofunikia chuma kwa juu) ya kiwandani iliyozeeka vizuri, na nimeitoa yote kwa mkono wangu mwenyewe, na nikeli ikishatoka hairudi. Ile bastola bado ninayo. Kwahiyo karibu kila kitu nitakachosema humu kinarudi kwenye jambo hilohilo moja: thamani ya mdoli wa zamani iko kwenye ngozi yake ya mwanzo. Ukinunua unanunua ngozi, ukisafisha unailinda, ukihifadhi unaihifadhi hiyohiyo.

HATUA YA 1: Jua unatafuta nini

Kwa asiyezijua, bastola ya fataki ni ya kuchezea, unaweka fataki (kile kidoti cha baruti kilichofungwa kwenye karatasi au kwenye kikombe kidogo cha plastiki), unavuta triga, kinyundo kinagonga, inalia pah, kamoshi kanatoka na ile harufu ambayo aliyewahi kuinusa utotoni haisahau. Haitoi risasi, ni mlio tu.

Zilishika kasi Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha mwaka 1865. Kampuni ya J. & E. Stevens ya Cromwell, Connecticut, iliyoanzishwa 1843, ilikuwa tayari inamimina vitu vya chuma na ikaja kuwa jina kubwa kwenye bastola hizi, baadaye wakaja Kilgore wa Westerville, Ohio, na Hubley wa Lancaster, Pennsylvania (hawa walianza 1894). Enzi zote hizo bastola zilikuwa chuma cha kumimina kwenye kalibu, nzito, zimeundwa kwa nusu mbili zilizounganishwa. Vita Kuu ya Pili ikaja, chuma kikaenda vitani, na vita vilipoisha viwanda vikahamia kwenye aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki inayosukumwa kwa presha ndani ya kalibu. Zinki inachukua urembo mdogomdogo vizuri kuliko chuma, ndo maana bastola za miaka ya 1950 zina maua, farasi na nembo zilizochongeka mpaka unastaajabu. Hapo ndo kilele chenyewe kilipo, televisheni zimejaa makauboi, kila mtoto anataka bastola yenye jina la Roy Rogers au Gene Autry (waigizaji wa makauboi), Nichols wa Texas wanatoa Stallion 45 yenye vile virisasi vya vipande viwili unavyoweka fataki katikati, Mattel wanatoa Fanner-50, na Uingereza Lone Star nao wanasukuma za kwao. Baada ya hapo plastiki ikachukua nafasi.

Ukiweka kichwani hivyo vizazi vitatu, chuma, zinki, plastiki, tayari una nusu ya elimu.

Ushauri wangu, chagua njia moja. Kampuni moja, au kizazi kimoja, au hata aina moja tu kama vigari vya bati. Anayenunua kila anachokiona anaishia kuwa na stoo, hana mkusanyiko, na mbaya zaidi jicho lake halikomai, maana jicho linakomaa kwa kuangalia kitu kilekile mara mia mpaka siku moja unaona tofauti bila kujua umeionaje.

HATUA YA 2: Vifaa vya kutembea navyo

Havizidi mfuko mmoja. Sumaku ndogo, tochi, kioo cha kukuzia, rula au venia (kile kipimo cha kubania kinachosoma milimita) kama unayo, na ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti. Na daftari. Wengi wanadharau daftari.

HATUA YA 3: Kukagua kitu kikiwa mkononi

Hapa usiharakishe hata kama muuzaji anakuangalia kwa jicho baya.

Anza na sumaku. Ikishika mwili mzima wa bastola ni chuma, isiposhika ni zinki (ila itashika kwenye springi na pini za ndani, usichanganyikiwe). Sasa kama muuzaji anasema ni bastola ya miaka ya 1890 na sumaku haishiki mtutu, maongezi yameisha hapo.

Kama ni chuma, shuku kwanza kwamba ni ya kuigiza, maana midoli ya chuma imeigizwa sana. Pitisha kidole gumba taratibu juu ya uso wake. Ya asili ni laini, wale mafundi walitumia mchanga mwembamba sana kwenye kalibu na wakasugua mishono. Ya kuigiza inakwaruza kama umeshika msasa, na pale nusu mbili zinapokutana unaona mwanya, ukiielekeza kwenye tochi mwanga unapenya. Angalia skrubu, zile za nyota zilianza kusambaa miaka ya 1930, kwahiyo skrubu ya nyota kwenye kitu kinachodaiwa ni cha karne ya 19 ni kesi nzito. Kutu nayo ina lugha yake, ya miaka mingi ni kahawia iliyokolea inayokaribia nyeusi na imeshikamana, ya kulazimishwa ni ya rangi ya chungwa, iko sawasawa kila mahali, na inabaki kidoleni.

Halafu kuna hili ambalo nikiwaonyesha watu wanashangaa: ukichukua mdoli wa asili ukautengenezea kalibu, chuma kikipoa kinasinyaa kama asilimia moja, kwahiyo nakala inatoka ndogo kidogo kuliko mama yake. Ndo maana nikasema rula. Ukijua urefu halisi wa aina fulani, ile milimita moja au mbili zinazopungua zinasema kila kitu.

Jiulize pia mkono wa mtoto ulikuwa unashika wapi. Rangi inatakiwa kulika kwenye vishikio, kwenye triga, kwenye ncha ya mtutu, chini ya matairi ya gari. Ukikuta imelika mahali ambapo kidole hakifiki, kwenye mifereji ya ndani mfano, huyo ni mtu mzima na msasa wake. Ile tochi ya zambarau inasaidia kuonyesha rangi iliyoguswa upya, maana rangi mpya na ya zamani mara nyingi hazing'ai sawa chini ya mwanga ule.

Kwa zinki adui ni mwingine kabisa, na huyu naomba umjue kwa jina: kuoza kwa zinki. Aloi ya zamani ikichanganyika na risasi hata kidogo (risasi ile metali, sio ya bunduki) inaanza kujila yenyewe kwa ndani, kati ya punje na punje. Kwa nje unaona vinyufa vyembamba kama tope lililokauka, mwili unavimba, unapinda, mwisho unasagika kama biskuti. Hakuna dawa. Unyevu unaharakisha tu. Vigari vya Dinky vilivyoanza kutolewa 1934 huko Liverpool vinasifika kwa urembo lakini vile vya kabla ya vita vingi vimekufa kwa ugonjwa huu. Hauambukizi kitu cha pembeni, hilo ni la kuwatoa watu hofu, ila usilipe hela nzuri kwa kitu chenye vinyufa hivyo hata kama muuzaji anakwambia ni mikwaruzo.

Mwisho ndo unagusa mashine. Vuta kinyundo taratibu kwa kidole, sikia kama kinashika, kishushe kwa mkono huku umekizuia. Usikifyatue kikagonga kitupu! Kinyundo cha zinki cha miaka 70 kikipiga bila fataki katikati kinaweza kukatika na hapo umevunja mali ya watu. Angalia vishikio vya plastiki kama vina ufa karibu na skrubu, hapo ndo vinapoanziaga siku zote.

HATUA YA 4: Kusoma umri

Tarehe iliyoandikwa kwenye mdoli inadanganya wengi kwa sababu mara nyingi ni ya hataza (haki ya mvumbuzi) au ya muundo, sio ya kutengenezwa. Mfano unaojulikana ni Barbie, yule mdoli alianza 1959, sasa kuna wanasesere chungu nzima wana 1966 mgongoni na wengine walitengenezwa hata miaka ya 1990, ile 1966 ni ya muundo wa kiwiliwili. Vigari vya Hot Wheels navyo chini yake ni hivyohivyo.

Tumia vitu visivyoweza kudanganya. Boksi la Marekani lenye namba ya posta ya tarakimu tano haliwezi kuwa la kabla ya 1963 kwa sababu namba hizo zilianza mwaka huo. Msimbo wa mistari wa dukani ulianza 1974. "Occupied Japan" inakupeleka kipindi Japani imekaliwa na majeshi ya kigeni baada ya vita, kilichoisha 1952, japo maandishi hayo nayo yanaigizwa. "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990. Kigari cha Matchbox chenye neno Lesney chini ni cha kabla ya kampuni hiyo kufilisika 1982. Kile kishungi (ncha) cha rangi ya chungwa kwenye mtutu kimetokana na sheria ya Marekani ya 1988, kwahiyo kama kimetengenezwa pamoja na bastola, hiyo ni ya baada ya hapo.

Kishungi hicho usikitoe wala usikipake rangi nyingine. Na bastola ya kuchezea, yenye kishungi au isiyo nacho, ibebe ndani ya begi lililofungwa, usiitoe hadharani, usiende nayo uwanja wa ndege. Ukiwa mbali zile za chuma zinafanana na za kweli kabisa na anayekuona hana muda wa kukuuliza. Sheria kila nchi ina yake kuhusu silaha bandia, zisome kabla hujaagiza kitu kivuke mpaka.

HATUA YA 5: Kununua mtandaoni

Omba picha za chini, za ndani ya mdomo wa kinyundo, za skrubu zote, na video fupi akivuta kinyundo kwa kidole. Muulize maswali ya moja kwa moja: kuna ufa? kuna kipande kimebadilishwa? imepakwa rangi? Muuzaji mzuri anajibu haraka, anayezunguka achana naye, vitu bado vipo vingi duniani.

Wengi wanapima hali ya mdoli kwa kipimo cha C1 mpaka C10, kumi ikiwa kama imetoka kiwandani leo. Ukiona tangazo limesema C9 na picha moja yenye giza, wewe ihesabu kama C6 mpaka uthibitishe. Na boksi la asili usilichukulie poa, mara nyingine boksi tu linapandisha bei kuliko mdoli wenyewe, kwasababu mtoto alikuwa analitupa siku hiyohiyo.

Mimi binafsi napendelea kitu kizima kilichochezewa kuliko kizuri kilichotengenezwatengenezwa. Mikwaruzo ya mtoto ni ya kweli.

HATUA YA 6: Kusafisha bila kuua

Kwanza usifanye chochote siku ya kwanza. Piga picha, andika kwenye daftari, weka mezani, iangalie siku mbili tatu.

Sasa chukulia una bastola ya zinki ya miaka ya 1950 iliyopigwa fataki nyingi. Fungua sehemu ya fataki, mwangazie tochi pale kinyundo kinapogonga: utaona ukoko wa kijivu na mweupe, pengine na kijani pembeni, umeganda kama chumvi kwenye sufuria. Ni chumvi kweli. Fataki nyingi zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu na fosforasi nyekundu, zikishalipuka zinabaki chumvi na asidi zinazovuta unyevu wa hewani, na hizo ndo zinazotafuna metali usiku na mchana hata bastola ikiwa kabatini. Hiki ndo kitu pekee ambacho lazima kitoke.

Habari njema ni kwamba chumvi inayeyuka kwenye maji. Chukua maji ya vuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo, kijiti cha pamba kiwe na unyevu kisichuruzike, kiweke juu ya ukoko, kiache dakika moja, kizungushe bila kukandamiza, kitupe, chukua kingine. Cha kwanza kitatoka cheusi, cha tano kijivu, cha kumi pengine ndo cheupe. Pale kwenye kona tumia kijiti cha meno cha mti, kamwe usitumie sindano wala bisibisi. Ukimaliza pitisha kijiti chenye maji matupu, kausha kwa kitambaa cha pamba, na upepo wa baridi wa mashine ya nywele mpaka uwe na uhakika ndani hakuna unyevu. Kisha tone moja la oili ya cherehani kwenye ncha ya kijiti, gusa pini ya kinyundo na springi, basi. Usizamishe bastola nzima kwenye maji, usitumie siki kwenye zinki, usitumie brashi ya waya.

Vitu vingine kwa haraka. Midoli ya bati iliyochapwa picha ni kitambaa kikavu, ikibidi chenye unyevu kidogo, maji yakipenya kwenye mkato wa bati kutu inaanzia hapo na kuinua picha nzima. Mdoli wa betri uliovujiwa na alkalini unasafishwa kwa kijiti chenye siki kidogo maana ule weupe asili yake ni potasi, halafu unafutwa na kukaushwa, ila siki iishie kwenye vituo vya betri tu. Mwanasesere wa vinyl mwenye masikio ya kijani ni hereni za shaba zimemuathiri, toa hereni kwanza kabla ya yote. Mkanda na mkoba wa ngozi wa bastola ukiwa na ukijani kwenye vifungo toa kwa kijiti kikavu.

Rangi za zamani hasa nyekundu na njano zinaweza kuwa na risasi, Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo 1978 tu, kwahiyo usipige msasa, nawa mikono ukimaliza, na hivi vitu usimpe mtoto mdogo aweke mdomoni. Najua inauma kumnyima mtoto mdoli, mnunulie wake mpya.

Na fataki za zamani zenyewe, zile rolo za karatasi nyekundu ndani ya kiboksi chake kizuri. Zinapendeza lakini ni baruti, na msuguano tu unatosha kuziwasha. Usizikunjue, usizikwangue, usizibebe mfukoni zikiwa na funguo au sarafu, usizitume kwa posta wala kupanda nazo ndege. Ukiona zimeanza kumeguka ziloweshe maji na uwaulize zimamoto wa kwenu namna ya kuzitupa. Mimi nakusanya viboksi vitupu, vinatosha.

HATUA YA 7: Kutunza

Adui ni watatu, unyevu, jua na vifaa vibaya vya kuhifadhia, na huyu wa tatu ndo anayewapata watu wengi kwasababu wanadhani wanalinda kumbe wanaharibu. Raba za kufungia zina salfa, zinaacha alama na kushikana na rangi. Sponji la godoro linaoza na kunata kwenye plastiki, ukilivuta linaondoka na rangi. Bastola ikikaa ndani ya mkoba wake wa ngozi miaka mingi, ngozi inashika unyevu na asidi yake inakula nikeli upande mmoja, kwahiyo viweke pamoja kwenye rafu kama unapenda lakini viwe vimeachana. Askari wadogo wa risasi, kama wale William Britain alioanza kuwatoa Uingereza 1893 wakiwa wazi ndani, usiwaweke kwenye kabati la mwaloni, mti ule unatoa mvuke wa asidi na wale askari wanageuka unga mweupe kuanzia miguuni.

Tumia karatasi isiyo na asidi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya kung'arisha, boksi lenye tundu la hewa, na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye boksi la viatu, unyevu ukikaa kati ya asilimia 40 na 50 upo salama. Usiweke kwenye dirisha lenye jua.

Kwenye daftari kila kitu kiwe na ukurasa wake: kilipatikana lini, kwa kiasi gani, kina kasoro gani, na ulikifanyia nini. Ukibadilisha springi andika, siku ukiuza mwambie mnunuzi.

Mara mbili kwa mwaka fungua kila boksi na uweke pua kabla ya macho. Wanasesere wa seluloidi (plastiki ya zamani) wananukia kafuri ukiwasugua kidogo kwa kidole, hiyo ni harufu yao ya kawaida (usiwahi kuwapima kwa sindano ya moto, wanawaka kama karatasi). Lakini ukifungua boksi ukakutana na harufu ya siki au ukali unaochoma pua, mmoja humo ndani ameanza kuoza na mvuke wake utawamaliza wenzake. Mtafute, mtoe siku hiyohiyo, mweke peke yake mahali penye hewa mbali na moto, na hao waliobaki wabadilishie karatasi zote.